Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mashindano ya ubingwa: hiyo mechi ya pili huanza saa ngapi?

KWA: Kamishna wa konferensi, wajumbe wa kamati ya mashindano, na wakurugenzi wa michezo wa vyuo wanachama

KUH: NUSU FAINALI YA PILI YA HOKI YA BARAFU YA WANAUME, NA WATU WANAOTAKIWA KURUDI KWAO USIKU HUOHUO

Mheshimiwa Kamishna,
Waheshimiwa wajumbe wa kamati,

Salamu kwanza. Mimi ni dereva wa basi la kukodi, mzaliwa wa Likoni, Mombasa, na sasa nakaa Lowell, Massachusetts. Machi ile, siku ya nusu fainali zenu, mimi ndiye niliyeileta bendi ya chuo kimojawapo: wanafunzi 31, ngoma zao, matarumbeta yao, na lile tarumbeta kubwa la kuvaa begani ambalo halikuingia kwenye buti mpaka tulipotoa masanduku mawili na kuyapakata.

Nimewaandikia kwa Kiingereza mara tatu. Barua ya kwanza, ya Aprili, ilijibiwa kwa mistari minne ya kunishukuru kwa kuupenda mchezo. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ikanipeleka kwa wenye uwanja, wenye uwanja wakanipeleka kwa chuo, chuo kikaniambia ratiba ni yenu. Nimezungushwa kama mtu anayetafuta cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana leo naandika hadharani, na naandika kwa Kiswahili. Nakala ya Kiingereza mnayo, na mkihitaji mkalimani hamtakwenda mbali. Ukumbi wenu usiku ule ulifagiliwa na watu wanaokisema, na kati ya mabasi tuliyoegesha upande wa nyuma, matatu yaliletwa na watu wa kwetu.

Konferensi yetu sitaitaja, wala chuo, wala uwanja. Konferensi za wanaume za daraja la kwanza nchini humu ni sita tu na wenyewe mnajijua. Mimi nina kazi ya kulinda, na wale vijana wa bendi hawana kosa.

Kabla sijaingia kwenye malalamiko, mniruhusu niseme neno na ndugu zangu wasomaji, maana najua kwa wengi wao hoki ni ile ya uwanja wa City Park, Nairobi, ya nyasi na jua. Hii inachezwa juu ya barafu, watu sita kila upande pamoja na kipa, wakiwa na viatu vya chuma, na badala ya mpira kuna kisahani kigumu cheusi wanachokiita paki. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja msimu mzima, kuanzia Oktoba. Machi ikifika wanacheza mashindano ya ubingwa, na bingwa wa kila konferensi anaingia moja kwa moja kwenye michuano ya taifa ya timu 16. Nafasi kumi zinazobaki hugawanywa kwa hesabu ya matokeo ya msimu. Kwa timu ambayo hesabu imeikataa, mashindano haya ndiyo mlango pekee. Ukishindwa Ijumaa, siku ya nusu fainali, vijana wa mwaka wa nne wamevua viatu, na wengi wao hawatavivaa tena kwa mashindano.

Mimi mwenyewe barafu ya kuchezea niliiona mara ya kwanza Nairobi, Hoteli ya Panari, ile iliyo kandokando ya barabara ya Mombasa. Nilikuwa naendesha basi la Mombasa–Nairobi, kilomita 480 hivi, na siku moja ya mapumziko nikaingia kuchungulia. Kiwanja kidogo, ukuta hadi ukuta, na vijana wanaanguka na kucheka. Vijana wa kiwanja hicho ndio waliokuja kuitwa Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Nasema haya ili msidhani mnaandikiwa na mtu asiyejua paki ni nini. Naupenda mchezo huu. Nimekaa kwenye baridi ya kumbi zenu nikiwa na chupa ya chai ya tangawizi, nikisubiri abiria wangu, na mara nyingi nimetamani mechi isiishe.

Ile ya Machi haikuisha, na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Nitahesabu saa kwa Kiswahili, kama nilivyolelewa. Ratiba yenu ilisema nusu fainali ya kwanza saa kumi jioni, ya pili saa moja na nusu usiku. Bendi yangu ilikuwa ya mechi ya pili. Kutoka chuoni hadi uwanjani ni mwendo wa saa nne na dakika 45, theluji isipokuwepo. Sheria ya nchi hii kwa dereva wa basi la abiria haina utata: baada ya kupumzika saa nane mfululizo, unaruhusiwa kuendesha saa kumi, na ukishatimiza saa 15 kazini huruhusiwi kuendesha tena, hata mita mia. Ndani ya basi kuna kifaa kinachorekodi kila dakika, na hakina urafiki na mtu.

Nikapiga hesabu yangu. Kazini saa saba mchana, kukagua matairi, breki na taa. Kuondoka saa saba na nusu. Kufika saa kumi na mbili na robo. Mechi ianze saa moja na nusu, iishe karibu na saa nne, tupakie ngoma, tuondoke saa nne na robo, tufike chuoni saa tisa usiku. Hiyo ni saa 14. Nilijiwekea saa nzima ya akiba kwa ajili ya theluji au dakika za nyongeza. Kwa maneno mengine, mwisho wangu wa kuondoka pale uwanjani ulikuwa saa tano na robo usiku. Nikaiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, nikaibandika juu ya kioo, na kiongozi wa bendi, binti wa miaka ishirini hivi, akaipiga picha kwa simu.

Tulipofika, mechi ya kwanza ilikuwa sare na kipindi cha tatu kinaishia. Ikaenda dakika za nyongeza. Hakuna bao. Ikaenda tena. Ilipomalizika ilikuwa saa mbili kasorobo. Kisha ikabidi ukumbi mzima utolewe watu, kwa sababu mnauza tiketi ya kila mechi peke yake, viti vifagiliwe, watu wapya waingizwe, timu zipashe misuli, barafu ipigwe maji ili iwe laini tena. Mechi yetu, ile ya saa moja na nusu, ilianza saa tatu kasoro dakika tano.

Saa tano na dakika kumi king'ora cha kipindi cha tatu kikalia. Mbili kwa mbili.

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za nyuma ya bendi. Kiongozi wao alinigeukia, tromboni mkononi, na sikuhitaji kusikia swali. Nilimwonyesha saa yangu. Yeye akanionyesha barafu. Nikatoka nje kumpigia simu mpangaji wa safari ofisini. Hakuwa na dereva wa akiba ambaye angenifikia chini ya saa tatu. Nikarudi nikamweleza yule binti kwa ukweli: tukiondoka ndani ya dakika tano tunafika, tusipoondoka, basi hili halitembei mpaka asubuhi. Akaenda kuuliza wenzake. Sikusikia walichosema kwa kelele, lakini niliona vichwa vikitikiswa, kisha ngoma kubwa ikaanza. Bendi haiwezi kufunga virago timu yake ikiwa barafuni. Kwetu pia, harusini, mpiga tarumbeta hamwachi bwana harusi nusu ya njia eti muda wake umekwisha.

Bao liliingia saa sita kasoro dakika kumi. La wenzao.

Saa sita na nusu usiku nilibonyeza kifaa changu: nje ya kazi. Saa nane za mapumziko zikaanza kuhesabiwa hapo. Hoteli nilizopiga simu zilikuwa zimejaa, bila shaka kwa sababu ya mashindano hayohayo. Milango ya ukumbi ikafungwa. Watu 31 wakalala wamekaa ndani ya basi, makoti yamefunikwa magotini, madirisha yakaota barafu kwa ndani kutokana na pumzi zao. Kijana mmoja alikosa zamu yake dukani Jumamosi asubuhi na akawa anaandika ujumbe wa kuomba radhi, anaufuta, anauandika upya. Tuliondoka saa mbili na nusu asubuhi. Tulifika saa saba na robo mchana, saa 24 kasoro dakika 15 tangu tulipoondoka, kwa mechi ya hoki.

Mzazi mmoja aliniuliza kwenye simu usiku ule: si ungeendesha tu, saa moja zaidi ina nini? Nilimjibu kwa adabu, ila ninyi nitawajibu kwa kirefu kidogo. Nimeendesha usiku barabara ya Mombasa miaka mingi. Nilikuwepo Desemba 2013 serikali ya Kenya ilipozuia mabasi kusafiri usiku bila leseni maalum, baada ya watu kufa kwa wingi barabarani. Nawajua waliokufa. Usingizi wa saa kumi alfajiri haukugongi mlango. Unajikuta umepita Mtito Andei na hukumbuki kuipita. Dereva aliyewahi kupatwa na hilo hatakuomba ushauri wa saa moja zaidi.

Sasa malalamiko yangu.

1. Saa ya mechi ya pili mnayoitangaza si ya kweli, na mnajua. Mmeacha saa tatu na nusu kati ya kuanza kwa mechi ya kwanza na kuanza kwa ya pili. Mechi ya dakika 60 za mchezo hula saa mbili na dakika 20 hivi kwa saa ya ukutani. Kutoa watu na kuingiza wengine hula saa nzima au zaidi. Kwa hiyo hata kipindi kimoja tu cha nyongeza, pamoja na mapumziko na kupiga barafu maji, tayari kinaisukuma ya pili. Na dakika za nyongeza katika hatua hii hazina kikomo: dakika 20, kisha 20 nyingine, mpaka mtu afunge. Msije mkadhani naomba penalti. Sitaki penalti. Bao la kwanza kumaliza kila kitu ndiyo haki ya mchezo huu, na mtu anayetaka kuiondoa sipandi naye basi moja. Ninachosema ni kwamba jambo hili si ajali wala kudra ya mwaka mmoja. Machi 2010, vyuo vya Quinnipiac na Union walicheza dakika 150 na sekunde 22 katika mashindano ya konferensi yao. Machi 2015, Massachusetts na Notre Dame wakavuka hapo: dakika 151 na sekunde 42, vipindi vitano vya nyongeza, mechi ndefu kuliko zote katika hoki ya vyuo ya wanaume, nayo ilikuwa ya raundi ya kwanza tu ya mashindano ya konferensi. Machi 2025, fainali ya konferensi ya NCHC kati ya Western Michigan na Denver iliamuliwa katika kipindi cha pili cha nyongeza. Kila dereva wa njia hizi analijua hili. Mwenye kupanga ratiba asilijue?

2. Ratiba ya kwanza haikuwa hii. Januari mlitangaza saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Siku 11 kabla ya mashindano mkaisogeza, na sababu mliyoitoa ni ya kituo cha televisheni. Ratiba ya Januari ningeimaliza na usingizi wangu mzima, hata kwa nyongeza tatu.

Hapa nitakaa kidogo. Kwenye kuta za kumbi za hoki nchini humu picha haikosekani ya tarehe 22 Februari 1980, Lake Placid, Marekani ilipoufunga Muungano wa Kisovieti nne kwa tatu. Vijana wale karibu wote walitoka vyuoni, kocha wao Herb Brooks alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mechi ile ilichezwa saa kumi na moja jioni. Televisheni ya ABC ilitaka isogezwe mpaka saa mbili usiku, saa ya watazamaji wengi. Wasovieti wakakataa kwa sababu Moscow ingekuwa alfajiri, na mechi ikabaki palepale. ABC wakairekodi na kuionyesha usiku. Nchi nzima ikaitazama ikiwa imekwisha kuchezwa, na hadi leo watu wazima wanalia wakiisimulia. Kama mechi ile ilivumilia kuonyeshwa kwa kuchelewa, nusu fainali yetu nayo haitavunjika mguu.

3. Baada ya mechi, hamna habari na mtu. Saa sita na dakika 20 usiku walinzi walikuwa wanatutoa. Niliomba ukumbi wa chini, ule wenye viti vya plastiki na mashine za vinywaji, ubaki wazi kwa ajili ya wanafunzi. Jibu likawa kwamba mkataba wa ukumbi unakwisha saa saba usiku. Niliomba angalau choo. Jibu likawa lilelile.

Choo tulikipata. Karibu na saa nane usiku nilikuwa nje napiga miguu chini ili ipate joto, na mlango mmoja ukafunguka. Mama mmoja, ufagio mkononi, alikuwa amenisikia nikiongea na simu kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu. "Baba," akaniambia, "muwalete wawili wawili, ila mbiyo." Wakaenda wawili wawili. Sitasema alikuwa nani wala mlango ulikuwa upi, na nawaomba msiutafute. Mtu huyo alifanya kazi yenu bila kulipwa na akaweka kazi yake rehani.

4. Ilikuwa Ramadhani. Mmoja wa wapiga ngoma alikuwa amefunga, na alibeba tende tatu ndani ya karatasi laini, na chupa ndogo ya maji. Bendi iliingizwa kwa mlango wa mizigo karibu dakika ishirini kabla ya magharibi. Chakula cha nje hakiruhusiwi, kwa hiyo tende zikaingia kwenye pipa. Alifungua kwa soda aliyoinunua ndani, baada ya foleni. Mimi sikuwa nimefunga siku ile, msafiri ana ruhusa yake na niliichukua, ila nilizitazama zile tende juu ya vikombe vya karatasi na sikupenda nilichokiona. Mlinzi hana lawama, alifuata karatasi aliyopewa. Karatasi ni yenu.

Najua majibu mtakayonipa, maana nusu yake nimeshayapata.

Mtasema televisheni ndiyo inayolipa. Sawa. Lakini bendi hailipwi, na kelele mnayoiuza kwa hiyo televisheni ni ya kwao. Siku moja jaribuni kuonyesha nusu fainali bila bendi, viti vikiwa kimya, muone kama kuna atakayewalipa.

Mtasema usafiri ni jukumu la chuo, na chuo kingekodi madereva wawili. Hili lina uzito na sitalikwepa. Dereva wa pili angekuwa dawa. Ila gharama yake ni ya siku nzima ya mtu, na bendi nyingi hulipia basi kwa pesa za kuchangisha. Hawa wangu walikuwa wameuza keki kwenye korido za chuo. Walikodi basi kwa ratiba ya Januari. Mlipoibadilisha, ninyi hamkuongeza hata senti, na siku 11 ni chache sana kumpata dereva mwenye leseni ya abiria mwezi Machi, wakati kila shule imetoka safari.

Mtasema asiyeweza kufika atazame kwa simu nyumbani. Kwa jibu hili sina la kusema, isipokuwa kwamba kuna konferensi zilizokwisha kukata tamaa na kumbi kubwa zenye viti vitupu: Big Ten walihamishia mashindano yao yote kwenye viwanja vya vyuo tangu 2018, na NCHC wakaamua vivyo hivyo kuanzia 2026. Sitaki tufike huko. Uzuri wa siku ile ni timu nne ukumbi mmoja, bendi nne zikijibizana kama beni za zamani za Mombasa na Lamu, huyu akipiga na yule akimjibu kwa kejeli. Ukiwapeleka kila mmoja kwake, hilo limekwisha. Lakini mkiendelea kuwalaza watu kwenye mabasi, viti vitajiondoa vyenyewe.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, mechi ya kwanza ya nusu fainali ianze si zaidi ya saa saba mchana, na kati ya kuanza kwake na kuanza kwa ya pili ziwepo saa tano kamili. Hili ndilo kubwa. Mkinipa hili peke yake nitanyamaza kuhusu mengine.

Pili, ratiba ikishatangazwa Januari isiguswe. Kama lazima iguswe kwa ajili ya televisheni, basi sehemu ya pesa hizo imlipie dereva wa pili wa basi moja la bendi na basi moja la wanafunzi kwa kila timu. Ni mabasi manane. Nimewapigia hesabu ya gharama kwenye barua ya Juni, ukurasa wa pili.

Tatu, mechi ikiisha baada ya saa tano usiku, ukumbi mmoja wenye joto na choo ubaki wazi mpaka asubuhi. Wekeni kwenye mkataba wa ukumbi kabla hamjautia sahihi.

Na tende ziruhusiwe. Hili halihitaji kikao.

Naomba jibu la maandishi kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, Oktoba. Si lazima liwe refu, ila liwe na saa ndani yake. Nakala ya barua hii nimewapa madereva wenzangu tunaoegesha pamoja, na wengine wameniambia kwamba bila jibu hawatakubali kazi ya nusu fainali ya pili isipokuwa wawe wawili kwenye basi. Sijawashawishi, wana akili zao na wana watoto.

Wenu kwa heshima,

Dereva wa basi la bendi
Lowell, Massachusetts

Tanbihi: Glavu moja ya kushoto, ya rangi ya samawati, yenye tundu kwenye kidole gumba, ilibaki chini ya kiti cha 11. Bado ninayo.